Kwa nini staringi wetu anagombana na mamake kwa Kiingereza?

Wiki tatu hizi nimetazama vitu vingi kuliko inavyomfaa mtu asiye na kazi ya kudumu. Filamu, tamthilia, na rundo la vibonzo vya zamani nilivyoachiwa na jirani aliyekuwa anahama. Zingine ni mpya, zingine nimezirudia kwa sababu bando lilikatika na hizo ndizo zilikuwa kwenye laptopu. Nikupe maoni yangu? Nitakupa, lakini sitakwenda moja baada ya nyingine nikitoa alama kama mwalimu wa somo. Kuna jambo moja limenikwama kooni, na karibu kila nilichotazama kimelisukuma ndani zaidi.

Jambo lenyewe ni hili. Fungua filamu ya Kenya, hasa hizi za mapenzi za watu wa Kilimani na Kileleshwa. Msichana ameamka, ameenda jikoni, amemkuta mamake. Wanagombana. Na wanagombana kwa Kiingereza, sentensi nzima nzima, sarufi imenyooka, hakuna anayemkata mwenzake. Sasa wewe niambie, ni lini mara ya mwisho mamako alikufokea kwa Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho? Wangu akikasirika huanza kwa Kiswahili, akipanda mori anaingia Kikamba, na Kiingereza kinakuja mwisho kabisa, maneno mawili tu, "very good", na hapo najua nimekwisha.

Nairobi Half Life ndiyo niliyoirudia kwanza. Najua, najua, ni ya 2012, na labda umeiona mara saba. Irudie ya nane. Joseph Wairimu ndiye Mwas, kijana wa ushago anayeuza DVD feki huku akiwaigizia wateja zile sehemu tamu. Anakuja jijini akitaka kuwa mwigizaji, anaporwa siku ya kwanza, anatupwa seli (ile sehemu ya choo bado inanikosesha hamu ya chakula), kisha anaishia kwenye genge la Oti. Watu husifu vurugu na mwisho wake. Mimi safari hii niliacha kuangalia picha nikasikiliza midomo tu. Mwas ana lugha ya kwao nyumbani, ana Sheng ya genge, na akifika kwenye ukumbi wa maigizo anavaa Kiingereza kama shati la kuazima. Huhitaji kuambiwa yuko wapi, masikio yanakuambia. Wala huhitaji mtu wa kukueleza matabaka ya Nairobi, kwa sababu kila anapobadilisha lugha amevuka barabara.

Filamu hiyo ya Tosh Gitonga ndiyo Kenya ilipeleka Oscar kwa mara ya kwanza, kwenye kitengo cha filamu za lugha za kigeni. Kitengo hicho kina sharti ambalo watayarishaji wetu wengi huongea kana kwamba hawajalisikia: mazungumzo mengi lazima yasiwe ya Kiingereza. Mwaka wa 2019 Nigeria walipeleka Lionheart ya Genevieve Nnaji, wakatolewa nje kwa sababu sehemu kubwa yake ilikuwa Kiingereza, na Kiigbo kilisikika kwa dakika chache tu. Nnaji alilalamika kwamba Kiingereza ndicho kinachowaunganisha Wanigeria wa lugha nyingi, na kwamba hawakumchagua mkoloni wao. Hoja nzito, siwezi kuibeza. Lakini sisi tuna Kiswahili. Hicho kisingizio hatuna.

Na tafadhali usiniambie vijana hawapendi kusoma maandishi ya chini ya skrini. Squid Game ilipotoka 2021 mtaa mzima ulikuwa unacheza ule mchezo wa taa nyekundu, taa kijani. Ilikuwa Kikorea. La Casa de Papel, mliyoiita Money Heist, ni Kihispania, na mlilia Nairobi alipopigwa risasi, namaanisha yule wa Alba Flores, si jiji. Mashabiki wa anime ndio kabisa. Mletee One Piece iliyotiwa sauti za Kiingereza, atakutazama kama umemtukana nyanyake. Lakini filamu ikianza na mzee anayeongea Kidholuo, unasikia mtu kwenye kochi: "Ah, hiyo ni ya ushago, weka ingine."

Hata Waingereza wenyewe hawajinyooshi ulimi kama sisi. Adolescence, ile ya Netflix ya 2025, inamhusu mvulana wa miaka 13 anayekamatwa kwa mauaji ya msichana wa shule yao. Ni sehemu nne tu, kila moja imerekodiwa kwa mkupuo bila kukata. Watu wake wanaongea Kiingereza cha kaskazini mwa Uingereza, cha mdomoni, maneno yamemezwa nusu. Manze, niliwasha maandishi ya chini ili nielewe Kiingereza! Hakuna aliyewaambia wasafishe lafudhi ili mtu wa Umoja aelewe. Sehemu ya tatu ni mtoto na mwanasaikolojia ndani ya chumba, watu wawili wanaongea karibu saa nzima, na sikugusa simu. Yule Owen Cooper anaweza kukufanya umhurumie na umwogope ndani ya sekunde moja.

Halafu kuna Sinners ya Ryan Coogler, nayo ya 2025. Kama hujaitazama, ruka aya hii kwa sababu nitaiharibu. Mwaka ni 1932, kule Mississippi. Mapacha wawili, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wamefungua ukumbi wa muziki na vampaya wako mlangoni. Sheria ni ile ya siku zote, vampaya haingii asipokaribishwa. Ndani kuna mama mmoja, Grace, mwenye asili ya China, ana duka mjini. Mumewe amegeuzwa vampaya, na mkuu wao, Remmick, akishakuuma anapata yote yaliyokuwa kichwani mwako, pamoja na lugha. Basi anasimama nje gizani na kumsemesha Grace kwa Kichina, akimtaja binti yake. Kiingereza kilikuwa hakijamtoa huyo mama. Ile lugha ya nyumbani ndiyo ilimvunja. Coogler hakumhutubia mtu kuhusu umuhimu wa lugha ya mama, aliiweka mdomoni mwa shetani na ikafanya kazi. Nilisimamisha filamu nikatembea chumbani kidogo. Chumba changu ni hatua nne, lakini nilitembea.

Kwa hivyo dawa ni Kiswahili tu? Pole pole. Maria ilipoanza Citizen TV mwaka wa 2019, mtaani kwetu jioni ilikuwa kimya kama siku ya mitihani. Kila mlango unapita unasikia sauti ya Yasmin Said. Hiyo peke yake inamaliza ule uongo kwamba Kiswahili hakiuzi. Lakini nimerudia vipindi kadhaa na kuna kitu kinawasha. Maria mwenyewe, msichana wa mtaa wa mabanda aliyeingizwa kwa familia tajiri, anaongea kama wasichana ninaowajua, na nadhani ndiyo maana alipendwa. Matajiri sasa! Wanaongea Kiswahili kilichopigwa pasi, cha karatasi ya pili ya mtihani wa fasihi. Tajiri wa Nairobi wa namna hiyo sijawahi kukutana naye, ingawa pia matajiri sikutani nao mara nyingi. Shida ni ile ile ya msichana wa Kilimani, imevaa kanzu badala ya suti. Sultana ilinishika zaidi kwa sababu imewekwa Pwani, na kule Kiswahili ndicho watu hugombania, hubembelezea na kusengenyea.

Sina ugomvi na Kiingereza mahali pake. Kati Kati ya Mbithi Masya, ya 2016, wahusika wake wanachanganya Kiingereza na Kiswahili na sikuhisi nimedanganywa hata mara moja. Ni vijana wa tabaka linaloongea hivyo, wamekwama mahali kati ya uhai na kile kinachofuata, na hata marehemu wa Nairobi wataendelea kuchanganya. Ukiandika kuhusu ofisi ya mawakili pale Upper Hill, wape Kiingereza chao. Ninachouliza ni nani anapewa lugha gani, na kwa nini.

Fanya jaribio hili. Chukua filamu yoyote ya hizo za mapenzi uhesabu wanaoongea Kiswahili. Askari wa geti. Yaya. Mama mboga. Mwizi. Kiswahili kinaingia na sinia ya chai na kutoka na vikombe. Wenye mapenzi, wenye ndoto na wenye kuumizwa moyo wote wanazungumza Kiingereza. Mtoto wa mtaani akitazama hiyo anaambiwa kitu, hata kama hakuna aliyekitamka.

Unaweza kuona haya ni mambo madogo, ya watu wa kubishana kibandani. Si madogo kwa rafiki yangu mmoja wa Kayole. Huyo jamaa anaweza kukuigizia chifu, pasta na mwalimu wa hesabu ndani ya dakika moja, na ukamjua kila mmoja. Mwaka huu alienda usaili wa filamu fulani, sehemu ya makanga. Makanga! Kazi aliyoifanya kweli miaka miwili kwenye barabara ya Jogoo. Akapewa skripti ya Kiingereza. Akasoma. Akaambiwa anashrabu, R na L zake zinachanganyika, watamtafuta. Hawakumtafuta. Sehemu ilimwendea mtu aliyesoma shule za bei, na sasa kutakuwa na makanga anayewaambia abiria wasogee nyuma kwa lafudhi ya uwanja wa ndege. Rafiki yangu alipoteza siku kumi za kulipwa. Kodi ya nyumba yake haijui tofauti ya R na L.

Mimi mwenyewe nilisomea mambo haya ya filamu kabla karo haijanishinda mwaka wa pili. Mhadhiri mmoja alinirudishia skripti niliyoandika kwa Sheng na Kiswahili, juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba niandike kwa lugha ya soko. Soko nililolijua mimi ni Gikomba, na pale sijawahi kumsikia mtu akipunguziwa bei kwa Kiingereza.

Watayarishaji wana jibu lao na ni haki ulisikie. Wanasema pesa iko nje, na huko nje wanataka Kiingereza. Ilikuwa na nguvu zamani hiyo hoja. Kisha 2022 ikaja Country Queen, tamthilia ya kwanza ya Kenya kubeba nembo ya Netflix, na humo ndani kuna Kiswahili, Kikamba na Kiingereza vyote pamoja. Melissa Kiplagat ni Akisa, mwanamke anayerudi kijijini Tsilanga baada ya miaka kumi na kukuta kampuni ya madini inamezea mate ardhi yao. Sikupenda kila kitu. Wabaya ni wabaya mno, karibu wapake masizi usoni, na kuna mikasa ya kifamilia iliyorundikwa hadi nikahitaji kuchora mti wa ukoo. Lakini wazee wa kijiji wakikaa kujadili ardhi kwa lugha yao, unakaa wima. Mimi nusu yangu ni Mkamba, nilisikia maneno ambayo sijawahi kuyasikia kwenye skrini maishani, yanatoka Nairobi hadi Brazil, na chini yake maandishi kwa ajili ya wageni. Wageni ndio waliokuwa wakisoma kwa mara moja. Mimi nilikuwa nasikiliza.

Kama bado hujashawishika, kuna ushahidi ambao hauna haja ya Netflix. DJ Afro. Kwa miaka na mikaka watu wamelipa shilingi zao kuketi kwenye benchi za mbao, kibanda kina joto la tanuri, wakitazama Mchina au Mhindi akipiga watu, huku DJ Afro anawaeleza kwa Kiswahili cha mtaani nini kinaendelea. Mara nyingi anachoeleza si kile kilichoandikwa kwenye skripti hata kidogo. Hakuna anayejali. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo na wenzake wanaofanya hivyo kwa Kiganda. Nchi tatu zikaamua kwamba filamu haijakamilika mpaka mtu wa kwenu aongee juu yake. Nikitaka kujua soko linataka nini, siendi kwenye semina ya hoteli. Naenda kwenye benchi hiyo.

Turudi kwa lile rundo la vibonzo. Nyingi zilikuwa Shujaaz, jarida lililoanza 2010 na kugawiwa bure, lote kwa Sheng. Boyie, kijana hana kazi, anaendesha redio ya siri chini ya jina DJ B. Jarida hilo lilifika hadi kushinda tuzo ya kimataifa ya Emmy, kwa lugha ambayo shuleni ilikuwa inakuletea kiboko. Nilivyosoma nilicheka kwa sababu Sheng ya 2010 sasa inasikika kama ya mjomba aliyelewa harusini. Maneno mengine nilimuuliza dada yangu mdogo, ana miaka 16, akanitazama kwa huruma. Watu hutumia jambo hili kukataa Sheng kwenye skripti, eti itachakaa. Acha ichakae. Nguo za kwenye filamu pia huchakaa, simu pia, na hakuna anayesema waigizaji wavae magunia ili filamu isizeeke. Juha Kalulu wa Taifa Leo alichekesha watu tangu kabla wazazi wangu hawajazaliwa, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, na ukikutana naye kwenye gazeti la zamani lililofungiwa nyama bado unasimama kusoma.

Supa Modo niliiacha usiku, na hapo nilikosea saa, maana kesho yake macho yalikuwa yamevimba. Ni ya Likarion Wainaina, ya 2018. Jo ni msichana wa miaka tisa, ni mgonjwa na hatapona, na anachotaka duniani ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Dadake na kijiji kizima wanaamua kumtengenezea filamu. Stycie Waweru anaigiza Jo kama mtoto, si kama mtu mzima aliyepunguzwa kimo, na hilo ni adimu. Lakini aliyenimaliza ni mama, Marrianne Nungo. Anataka mtoto abaki ndani apumzike, dada anataka mtoto aishi kwa siku alizobaki nazo, na wote wawili wana haki. Wanagombana kuhusu hilo kama watu wa nyumba moja wanavyogombana, lugha inaruka kutoka hapa hadi pale, mtu ananyamaza katikati ya neno. Hapo ndipo unajua mtoto atakufa. Hakuna muziki wa vinanda ungefanya kazi hiyo. Iweke hiyo kwa Kiingereza kilichonyooka na utabaki na tangazo la hospitali.

Sasa nina Nawi kwenye foleni, kuirudia. Kenya iliipeleka kwa Oscar za 2025. Kisa chake kiliandikwa na Milcah Cherotich, aliyeshinda shindano la uandishi, na kimewekwa Turkana: msichana wa miaka 13 anafanya vyema kwenye mtihani na nyumbani bei yake imeshakubaliwa, kwa mbuzi, kondoo na ngamia. Michelle Lemuya Ikeny, anayemwigiza, hakuwa mwigizaji kabla ya hapo. Mara ya kwanza niliitazama kwa simu kwenye matatu, kipaza sauti kimoja kimekufa, sikutendea haki. Rafiki yangu wa Kayole anakuja Jumamosi na spika. Ameniambia anataka kusikia jinsi huyo msichana alivyoongea siku ya usaili mpaka wakamchukua. Nimemwambia filamu haionyeshi usaili. Amesema haidhuru, atausikia tu.